Suneka na Mtoto Aliyeitwa Mzembe

Kwa Abagusii, mtoto alipimwa kwa kazi kabla ya kupimwa kwa kalamu. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii kati ya 1955 na 1957, waliandika jinsi watoto walivyochunga mifugo, kuteka maji na kubeba wadogo zao. Kazi hizo zilirudiwa siku baada ya siku, bila kengele wala karatasi ya kusahihishwa.

Shule ilileta kipimo kingine. Suneka, mji wa Gusii ulio kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori, ulikipokea kama miji mingine ya Kenya: shika penseli, fuata mstari, maliza kwa wakati. Mtoto mwenye akili timamu lakini mikono isiyomtii, anayehangaika na vifungo vya shati na mwandiko unaopanda na kushuka, alionekana mzembe.

Sera za mwanzo hazikumwona. Kamati ya Ngala ya 1964 na waraka wa serikali Na. 5 wa 1968 zilielekeza macho kwa ulemavu unaoonekana, na shule maalum zikajengwa kwa wasioona, viziwi na waliolemaa viungo. Mambo yalianza kubadilika 1984, Kenya ilipoanzisha vituo vya kutathmini watoto kwa msaada wa Denmark. Miaka miwili baadaye ikaundwa taasisi ya KISE ya kuwafunza walimu wa elimu maalum.

Katikati ya hatua hizo, 1985, ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4 na masomo yake ya ufundi. Mikono ikazidi kutahiniwa. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, insha ilikuwa ya dakika 40, na aliyeandika polepole alipoteza alama ambazo kichwa chake kilizistahili.

Ulimwenguni, daktari Sasson Gubbay wa Australia alikuwa ameandika kitabu kuhusu watoto wa aina hii, wenye mikono isiyowatii, mwaka 1975. Leo wataalamu hukadiria kuwa ni asilimia 5 hadi 6 ya watoto wa umri wa shule ya msingi. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni wawili au watatu.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na mtaala wa sasa humtathmini mwanafunzi kwa vitendo mwaka mzima. Kwa hiyo mwalimu wa Suneka ana sababu ya kumpeleka mtoto kwenye tathmini mapema, kumpa penseli nene, kumwongezea muda na kumruhusu ajibu kwa mdomo anachokijua tayari.