Morrowind: namna ya kuchagua modi, na cha kufanya mchezo ukigoma

The Elder Scrolls III: Morrowind ni mchezo wa video wa kampuni ya Bethesda ya Marekani. Ulitoka mwezi wa tano mwaka 2002. Mpaka leo kuko watu wanaoucheza, na sababu ni mbili. Ya kwanza, unatembea hata ku mashini ya zamani. Ya pili, wachezaji wenyewe wanautengeneza kwa kuongeza vipande vinavyoitwa modi.

Lakini modi hizo hizo njo zinaharibu mchezo mara nyingi. Mtu anamaliza mega zake kwa kutelesharje modi makumi, anaziingiza zote siku moja, kisha mchezo unakataa kufunguka. Mbaya zaidi, unafunguka vizuri, halafu unazimika kila mara akifika pahali fulani. Safari ya wiki sita inapotea. Mara nyingi modi zenyewe si mbaya. Magumu yanatoka ku namna zilivyochaguliwa na namna zilivyoingizwa.

Mchezo wenyewe ni wa namna gani?

Mchezaji anashushwa ku merikebu kama mfungwa aliyeachiliwa, katika kijiji kidogo cha Seyda Neen, ku kisiwa cha Vvardenfell. Kuanzia pale anaenda anapotaka. Hakuna mshale wa kumuonyesha njia. Anapashwa kusoma maelezo ao kuuliza watu: pita daraja, kata kushoto, fuata mto.

Baadaye vilitoka vipande viwili vya kuongeza: Tribunal mwaka 2002 na Bloodmoon mwaka 2003. Toleo lenye vyote vitatu njo linafaa zaidi, juu modi nyingi zinaomba vipande hivyo viwe ndani.

Kwa upande wa mashini, mchezo uliandikwa kwa Windows 98 mpaka XP. Uliomba prosesa ya megahezi 500, memori ya mega 128 (256 kwa Windows XP) na giga 1 hivi ku diski. Mashini nyingi za okazio zinapita hapo mbali. Lakini modi zinaongeza uzito, na zingine zinauongeza sana.

Modi ni nini?

Modi ni fishie moja ao zaidi zinazowekwa mu dosie ya mchezo inayoitwa Data Files. Kuko aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza inabadilisha sura tu: picha za ukuta, umbo la miti, sauti. Mafishie yake yanaingia mu madosie ya Textures, Meshes ao Sound, na kwa kawaida hayagusi hadithi.

Aina ya pili inabadilisha mambo ya ndani: watu, maneno, kazi, bei, mijini mipya. Hiyo inakuja na fishie yenye mwisho .esp ao .esm. Ile ya .esm ni kama mama: zingine zinaitegemea. Mama akikosekana, mtoto hatembei.

Tofauti hii ni ya kuelewa mbele ya yote. Modi ya sura ikileta shida, mara nyingi unaitoa na mchezo unaendelea. Modi ya .esp inaingia mpaka mu sovegarde, maana yake mu fishie inayohifadhi safari ya mchezaji. Kuitoa katikati ya njia ni hatari.

Lugha ya mchezo: jambo ambalo wengi hawalijue

Kwetu watu wengi wanapendelea toleo la Kifaransa, na si kosa. Lakini modi nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na hapa Morrowind iko na tabia yake ya pekee.

Katika mchezo huu, jina la nyumba ao pango si maandishi ya kusomwa tu. Injini inalitumia kutambua pahali. Ofisi ya Chama cha Wapiganaji mjini Balmora iko na jina moja katika toleo la Kiingereza, na lingine katika toleo la Kifaransa. Modi ya Kiingereza inayotaka kuongeza mtu mule inatafuta jina la Kiingereza. Isipoliona, inaweza kuunda chumba kingine ambacho hakina mlango wa kuingilia. Mchezaji anatafuta mtu yule siku tatu, hamuone. Vichwa vya mazungumzo vina shida ile ile: maneno ya kubonyeza hayaonekane, na kazi haianze.

Kwa hiyo mwenye toleo la Kifaransa anaweza kuchukua modi za sura bila woga, kutoka lugha yoyote. Kwa modi zinazogusa watu, pahali ao mazungumzo, anapashwa kutafuta ile iliyotafsiriwa. Ikikosekana, aiache, ao acheze mchezo wote kwa Kiingereza. Kuchanganya lugha mbili ni kununua shida.

Injini ya zamani ao OpenMW?

Mbele ya kuchagua modi, mchezaji anachagua injini, juu modi zingine zinaenda na moja tu.

Njia ya kwanza ni injini ya mwaka 2002 yenyewe, iliyorekebishwa na wachezaji. Kifaa kikubwa kinaitwa Morrowind Code Patch: kinaondoa makosa mengi ya programu yenyewe. Kingine ni MGE XE, kinachofanya milima na mijini vionekane toka mbali. Kinapendeza, lakini kinakula nguvu. Mwenye mashini dhaifu apunguze umbali wa kuona, ao akiache.

Njia ya pili ni OpenMW. Hii ni injini mpya iliyoandikwa na watu wa kujitolea, kazi iliyoanza mwaka 2008. Ni ya bure, lakini inaomba mafishie ya mchezo wa kweli. Inatembea ku Windows, Linux na macOS, na kuko watu walioipeleka mpaka ku telefone za Android. Faida yake kubwa ni kwamba kila modi inaweza kukaa mu dosie yake. Kuitoa ni kufuta mistari yake mu fishie ya mipangilio, openmw.cfg.

Kwa anayeanza, na zaidi kwa mwenye Linux, OpenMW inapunguza magumu. Lakini Code Patch na MGE XE haziendi nayo. Vilevile modi zinazoomba MWSE, kifaa cha kuongezea injini ya zamani uwezo wa programu, hazitembei mu OpenMW. Hiyo iangaliwe mbele ya kupoteza mega.

Modi gani za kuanza nazo?

Kanuni ya wazee wa mchezo huu ni fupi: tengeneza kwanza, pamba kisha.

Ya kwanza ni modi ya kurekebisha makosa. Inayojulikana sana ni Patch for Purists. Inarekebisha kazi zilizokwama, maandishi yenye makosa na vitu vilivyowekwa vibaya, bila kubadilisha mchezo. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo onyo la lugha linaihusu nayo.

Ya pili ni Morrowind Optimization Patch. Inarekebisha maumbo yaliyojengwa vibaya, ili mashini isichoke bure. Kwa mashini ya zamani, hii inafaa kuliko picha yoyote nzuri.

Ya tatu ni picha, kama mashini inaweza. Picha kubwa sana ku karte grafiki dogo zinafanya mchezo ukokote miguu. Ni vizuri kuchukua toleo la chini na kuangalia kwanza.

Kisha kunabaki modi kubwa za kuongeza nchi. Tamriel Rebuilt ni mradi ulioanza mwaka 2001, mbele hata mchezo kutoka. Unajenga bara lote la Morrowind ambalo Bethesda haikuliweka, na unaendelea kutoka kipande kwa kipande. Unaomba modi nyingine, Tamriel Data, yenye matoleo mawili: ya kawaida na ya picha kubwa. Mwenye mega chache achukue ya kawaida. Huu ni mradi wa kuongeza wakati mchezo wa chini umekwisha kusimama vizuri.

Kuko pia modi ambazo watu wanakimbilia bila sababu. Wengi wanalalamika kwamba upanga unapiga adui lakini haumuumizi. Hilo si kosa la mchezo. Morrowind inapiga hesabu ya bahati kwa kila pigo, na hesabu inaangalia uzoefu wa silaha na nguvu iliyobaki. Mtu aliyekimbia mpaka mstari wa kijani umekwisha atakosa mara nyingi. Atembee polepole mbele ya vita, atumie silaha aliyochagua kama ujuzi wake mkubwa, na mambo yatabadilika. Akiona bado haipendi, modi za kubadilisha vita ziko.

Namna ya kuingiza modi

Kwanza, mchezo usiwekwe mu Program Files ya Windows. Windows inalinda dosie ile, na wakati mwingine inapeleka mabadiliko pahali pengine pa kufichwa. Mchezaji anabadilisha, mchezo hauone kitu. Dosie kama C:\Games inafaa.

Pili, soma ukurasa wa modi mpaka mwisho, zaidi sehemu inayosema modi inaomba nini. Modi nyingi zinakuja zimefungwa kwa .7z, na 7-Zip inazifungua bure. Modi ya picha haihitaji fishie ya .exe. Ikija nayo, kuna sababu ya kushuku.

Tatu, fungua modi pembeni mbele ya kuiweka. Kosa la kawaida ni kupata Data Files ndani ya Data Files. Mchezo hauoni kilicho ndani ya ile ya pili.

Ine, ingiza modi moja, fungua mchezo, tembea dakika kumi, ingia mu nyumba mbili tatu. Ikienda vizuri, ingiza ya pili. Inaonekana ni kuchelewa, lakini kutafuta modi moja yenye kosa kati ya arobaini kunachelewesha zaidi.

Magumu ya kawaida na dawa yake

Mchezo unakataa kuanza na kutaja jina la fishie. Mama anakosekana, ao mtoto anapakiwa mbele ya mama. Mu injini ya zamani, mpango unafuata tarehe ya mafishie: ya zamani inaanza, mpya inafuata. Programu ya mlox inasaidia kuzipanga. Mu OpenMW, mpango unabadilishwa mu dirisha la kuanzishia mchezo.

Alama kubwa ya manjano yenye alama ya mshangao inaonekana pahali pa kitu. Umbo lake halikupatikana. Mara nyingi dosie ya Meshes haikunakiliwa, ao iliwekwa pahali pabaya.

Vitu vina rangi ya waridi kali mu OpenMW. Picha inakosekana. Angalia dosie ya Textures.

Modi imewekwa sawasawa lakini picha na maumbo yake hayaonekane. Modi zingine zinafunga mafishie mu fishie moja ya .bsa. Mu injini ya zamani, jina la .bsa linapashwa kuandikwa mu Morrowind.ini, sehemu ya Archives.

Modi mbili zinaongeza silaha mpya, lakini za moja tu njo zinaonekana. Zote mbili zinabadilisha orodha ile ile ya vitu, na ya mwisho inafuta ya kwanza. Kifaa cha tes3cmd kinaunganisha orodha hizo.

Mambo madogo yanabadilika bila sababu. Pengine modi ni chafu. Programu ya kutengenezea modi ilikuwa na tabia ya kuingiza mipangilio 72 ya Tribunal na Bloodmoon bila mtengenezaji kujua. tes3cmd inasafisha hiyo nayo.

Mchezo unazimika bila kusema neno. Soma kwanza fishie ya Warnings.txt mu dosie ya mchezo, ao openmw.log kwa OpenMW. Kama haisaidii, zima nusu ya modi na ujaribu kwa safari mpya. Mchezo ukienda, kosa liko mu nusu iliyozimwa. Ukizimika, liko mu ile iliyobaki. Endelea kukata nusu kwa nusu. Kwa modi 32, majaribio matano yanatosha kupata moja yenye kosa.

Kulinda safari

Nakala ya dosie ya sovegarde ichukuliwe mbele ya kila modi mpya na iwekwe ku kle. Mu injini ya zamani, dosie hiyo inaitwa Saves na iko ndani ya mchezo. Mu OpenMW ku Windows, iko mu Documents, My Games, OpenMW.

Usitegemee sovegarde moja ya haraka. Umeme ukikatika wakati mashini inaandika, fishie ile inaweza kubaki nusu. Sovegarde tatu zenye majina tofauti, ukizizungusha, zinaokoa.

Ikibidi kutoa modi ya .esp, mchezaji aache kwanza vitu vyote vya modi ile, atoke pahali ilipojenga, ahifadhi, kisha aitoe. Hata hivyo, mara nyingi ni afadhali kumaliza safari nayo na kuitoa wakati wa kuanza upya.

Morrowind inaweza kuchezwa bila modi hata moja ya kupamba. Anayeanza na ile ya kurekebisha makosa na ile ya kupunguza uzito anaweza kumaliza hadithi yote. Zingine zinaweza kungoja mpaka ajue mwenyewe kitu anachokosa.