Upenyaji wa mguso

Upenyaji wa mguso ni hali inayotokea katika programu za simu ambapo mguso wa kidole kwenye tabaka la juu la skrini hupita na kupokewa na kitufe kilichofunikwa na tabaka hilo. Mtumiaji huona kitu kimoja, lakini simu hutekeleza kingine. Kwa mfano, mtu anayesoma ujumbe uliojitokeza juu ya ukurasa wa kutuma pesa anaweza kugusa nafasi tupu ya ujumbe huo, kumbe chini yake kuna kitufe cha kutuma.

Kuzuia upenyaji huo ni kazi ya mtengenezaji wa programu, na pia ni sehemu ya usalama wa mfumo endeshi wa simu.

Jinsi mguso unavyopata mpokeaji

Skrini ya programu hujengwa kwa vipande vingi: maandishi, picha, vitufe na masanduku yanayovibeba. Vipande hivyo hupangwa kama mti, na baadhi hulaliana. Kidole kinapogusa kioo, mfumo endeshi hutambua nukta iliyoguswa, kisha hutafuta kipande kinachostahili kupokea mguso.

Kwenye Android, kipande cha juu kabisa katika nukta hiyo hupewa nafasi ya kwanza. Kisipoupokea mguso, hupewa kilicho chini yake. Kipande cha kawaida ambacho hakikupangiwa kazi yoyote hakiupokei. Ndiyo maana ukurasa wenye rangi nzito unaweza kuuficha kabisa ukurasa mwingine, na bado ukapitisha miguso. Kinyume chake, kitufe kilichofifishwa hadi kisionekane huweza kuendelea kupokea miguso. Kuonekana na kugusika ni mambo mawili tofauti.

Kwenye iOS, mfumo huvipita vipande vilivyofichwa, vilivyofifishwa kabisa au vilivyozimiwa mguso. Kipande tupu ambacho hakikuzimwa huzuia mguso usifike kwa jirani yake aliye chini. Hata hivyo, vipande vya kawaida vya picha na maandishi huwa vimezimiwa mguso tangu mwanzo. Hivyo picha iliyowekwa juu ya kitufe haizuii kitufe hicho kuguswa.

Njia za kuzuia

* Kulifanya tabaka la juu lipokee mguso. Kwenye Android, kipande cha nje kabisa cha tabaka hupewa sifa ya clickable. Mguso huishia hapo hata kama hakuna kazi iliyopangwa kufanyika.
* Kuzima vitufe vya chini. Njia hii hudai uangalifu, kwa kuwa ni lazima viwashwe tena tabaka linapoondolewa. Kwenye Android, kulizima sanduku hakuzimi vitufe vilivyomo ndani yake. Kila kimoja huzimwa peke yake.
* Kutumia kidirisha cha mfumo. Kidirisha hufunguliwa katika dirisha lake chenyewe, na kwa kawaida ukurasa wa chini haupokei miguso hadi kifungwe.
* Kutumia vipande maalumu. Flutter ina AbsorbPointer na IgnorePointer. Vyote viwili huvizuia vilivyomo ndani yake visiguswe, lakini cha kwanza huumeza mguso, na cha pili huuacha uendelee kwa vilivyo nyuma yake.

Kuzuia kidole pekee hakutoshi. Watu wasioona hutumia visoma skrini kama TalkBack na VoiceOver, ambavyo vinaweza kukifikia na kukibonyeza kitufe kilichofunikwa. Kwa hiyo tabaka la chini linapaswa kufichwa pia kwa visoma skrini wakati tabaka la juu lipo.

Utekaji wa mguso

Hali hii inaposababishwa kwa makusudi na programu nyingine huitwa utekaji wa mguso. Programu ya hila huchora picha yake juu ya skrini na kuiacha miguso ipite. Mtumiaji hudhani anacheza mchezo au anafunga tangazo, kumbe anabonyeza kitufe cha kukubali ruhusa chini yake.

Hila ya namna hii ilijulikana kwanza katika kurasa za wavuti, ambako Robert Hansen na Jeremiah Grossman waliieleza mwaka 2008. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na Georgia Institute of Technology walionyesha shambulio waliloliita Cloak and Dagger. Lilitumia ruhusa mbili za Android: ya kuchora juu ya programu nyingine na ya huduma za ufikivu.

Hatua zilizochukuliwa katika Android

* Android 2.3 (2010) ilileta sifa ya filterTouchesWhenObscured, inayokifanya kitufe kikatae mguso kinapofunikwa na dirisha la programu nyingine.
* Android 6.0 (2015) iliifanya ruhusa ya kuchora juu ya programu nyingine kuwa ruhusa maalumu inayotolewa katika mipangilio.
* Android 12 (2021) ilianza kuzuia yenyewe miguso mingi inayopita katika dirisha la programu nyingine. Madirisha yaliyofifia, kama yale ya programu za kupunguza mwanga, bado hupitisha mguso, mradi uzito wa rangi yake usizidi asilimia 80.

Kwenye iOS, programu ya kawaida hairuhusiwi kuchora dirisha lake juu ya programu nyingine.

Kinga hizi haziondoi upenyaji ndani ya programu moja, kwa sababu mfumo huyachukulia matabaka yake yote kuwa ya mwenye programu. Huo hubaki wajibu wa mtengenezaji. Kwa upande wake, mtumiaji wa Android anaweza kupitia mipangilio ya simu, kuona programu zilizopewa ruhusa ya kuonekana juu ya nyingine, na kuzinyang'anya zile zisizoihitaji.