Katavi ilivyowapa wageni jembe

Mkazi wa Magamba anayekwenda sokoni Mpanda kununua mahindi au maharage huenda anabeba mazao ya Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi, bila kujua kwamba mashamba ya huko yalifunguliwa kwa sadaka. Sehemu ya fedha zilizochimba visima vya kwanza na kununua majembe ilichangwa na waumini wa Ulaya na Marekani ambao hawakuwahi kuiona Mpanda.

Mwanzo wake ni 1964. Mwaka huo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha Tanganyika Christian Refugee Service, shirika ambalo wengi wanalijua kwa kifupi cha TCRS. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia Watutsi waliokimbia Rwanda. Baadhi yao, waliokuwa wamepitia Kivu nchini Kongo, waliletwa nyanda za juu za Mwese, ambazo leo zimo katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi.

Mwese ilikuwa ndogo. Mzigo mkubwa ulikuja 1972, pale mauaji ya Burundi yalipoangamiza watu wanaokadiriwa kuzidi 100,000 na kuwasukuma wengine wengi kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere haikutaka wakae mpakani wakisubiri magunia. Iliwafungulia makazi mbali na mpaka: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba karibu na Mpanda. Ulyankulu ilipozidiwa na watu, maelfu walihamishiwa makazi mapya ya Mishamo kuanzia 1978.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika makazi hayo methali iligeuzwa kuwa mkataba wa pande tatu. Serikali ilitoa ardhi na kuweka Mkuu wa Makazi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitoa sehemu kubwa ya fedha. TCRS ilisimamia kazi yenyewe, ikiongezea michango ya makanisa. Chakula cha mwanzo kilitoka Mpango wa Chakula Duniani, WFP.

Kila familia ilikatiwa kipande cha pori la miombo, ikapewa zana na mbegu, ikaanza kufyeka. Mishamo, kwa mfano, kila kaya ilipata hekta 5. Mgawo wa chakula ulikuwa wa kuwavusha hadi mavuno. Mashamba yalipoanza kuzaa, mgawo ulikoma. Wakati huohuo zilijengwa barabara, shule na zahanati. Kazi haikuwa nyepesi, maana pori lile lilikuwa la mbung'o, na malale yalikuwa tishio la kweli. Lakini mahindi, mihogo na maharage vilishika, na tumbaku ikaleta fedha mkononi.

Wahisani nao walikuwa na siku yao ya kuondoka. Katumba ilikabidhiwa kwa Serikali 1978, Ulyankulu 1980 na Mishamo 1985. Wasomaji wenye umri wanakumbuka kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo Watanzania wenyewe walipanga foleni kwa ajili ya unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa Tuzo ya Nansen, heshima ya juu ya UNHCR kwa wanaowatetea wakimbizi.

Hata hivyo, shamba halikumaliza kila kitu. Mkimbizi aliyejitosheleza kwa chakula bado alihitaji kibali ili kutoka nje ya makazi. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alikuta watu wenye mavuno ambao bado walijihesabu kuwa taifa lililo uhamishoni. Kitabu chake cha 1995 kuhusu maisha hayo kinasomwa hadi leo vyuoni. Watoto waliozaliwa Katumba walikua, wakaoa, wakazaa, na wote waliendelea kuitwa wakimbizi.

Jibu la hilo halikuweza kutoka kwa mfadhili yeyote. Lilitoka Dodoma na Dar es Salaam. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR zilikubaliana kwamba kila mtu wa makazi hayo matatu achague kurudi Burundi au kuomba uraia. Takribani wanne kati ya kila watano walichagua Tanzania. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa kuwa raia. Mpango wa kuwatawanya katika mikoa mingine ulizua ubishi na hatimaye ukaachwa, na hati za uraia zilianza kugawiwa 2014. Wakati huo Katavi ilikuwa imekwisha kuwa mkoa, baada ya kumegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Linganisha na kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996. Huko wakimbizi hawana mashamba ya maana wala ruhusa ya kwenda watakako, hivyo maisha yao yanategemea mgawo. Fedha za wafadhili zilipopungua, mwaka 2023 WFP ilikata mgawo hadi nusu ya mahitaji. Familia hazikuwa na shamba la kuzikinga na njaa hiyo.

Tofauti ya Katumba na Nyarugusu haiko kwenye ukarimu wa wafadhili. Iko kwenye ardhi, uhuru wa kutembea na tarehe ya msaada kukoma, na hayo matatu huamuliwa na serikali inayopokea wageni. Anayechangia chakula cha wenye njaa leo, awe muumini wa Oslo au mfanyabiashara wa Mpanda, ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa: baada ya gunia la mwisho, watu hawa watalima wapi?