Mpaka Ukingoni, Ndugu Ng'ambo

Kila msako wa wahamiaji haramu unapotangazwa, wananchi hugawanyika. Wapo wanaosema mipaka imelegea mno. Wapo wanaouliza: je, sisi wa mpakani tutaaminiwa?

Swali hilo ni la zamani huko Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, mwambao uliokuwa wa Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa Wilaya ya Nyasa. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mpaka upite ukingoni mwa ziwa, upande wetu. Wanyasa hawakuulizwa. Waliendelea kuvuka kwa mitumbwi, na Waanglikana wa Liuli walikuwa chini ya askofu mwenye makao Likoma, kisiwa ambacho leo ni cha Malawi. Mwaka 1967 Tanzania ilitaka mpaka upite katikati ya maji. Rais Banda akakataa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, sheria ya uraia ilitazama mtu na wazazi wake wamezaliwa wapi. Lugha na kabila havikuwa kipimo. Hata hivyo, Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 huko Kagera, Kigoma na Geita ilileta malalamiko kwamba hata raia walikamatwa.

Kulinda mpaka ni wajibu wa Serikali. Lakini ofisa akimshuku mvuvi kwa lafudhi yake tu, anajinyima macho. Mvuvi huyo ndiye anayejua ni mtumbwi gani mgeni uliotia nanga usiku. Akiogopa kuulizwa yeye ni nani, atanyamaza.