Vifaru, Fidia na Pato la Taifa

Kila nisomapo takwimu za pato la taifa, hujiuliza: kifaru ni mali au ni gharama? Swali si geni. Nchini Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mchumi Simon Kuznets alisita kuhesabu silaha sawa na mkate na nguo. Kwake, lengo la uchumi ni riziki ya watu. Wizara ya Biashara haikumfuata. Serikali ilitaka kujua nguvu ya uzalishaji wa vita.

Mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 2008 ulikwenda mbali zaidi: vifaru na manowari vikawa uwekezaji, kama viwanda. Bima nayo iliguswa. Zamani, fidia za janga kama la Septemba 11, 2001 zilifanya huduma ya bima ionekane imeporomoka. Siku hizi hukadiriwa fidia za kawaida, na mstari hautikisiki.

Wataalamu wana hoja: kinga ya bima haikukoma siku ile. Lakini nyumba iliyoungua haipunguzi pato, ilhali kuijenga upya huliongeza. Basi tarakimu hizo hupima shughuli. Tusizidhanie kuwa ni neema.