Je, Nguvu ya Kujizuia Huisha Kama Betri?

Huenda umewahi kusema, "Mchana kutwa nilijizuia, lakini jioni ikanishinda." Labda ilikuwa sigara, labda pombe, labda ile soda uliyokatazwa na daktari kwa sababu ya kisukari. Leo nakusimulia jinsi wanasaikolojia walivyojaribu kulieleza jambo hili, na jinsi walivyoishia kubishana wao kwa wao.

Mwaka wa 1998, Roy Baumeister na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walichapisha jaribio lililowapa sifa kubwa. Waliwaita wanafunzi 67, wote wakiwa hawajala kwa muda wa saa tatu au zaidi. Chumbani mlikuwa na biskuti za chokoleti zilizotoka kuokwa papo hapo, harufu imetanda kila pembe, na kando yake bakuli la figili mbichi. Baadhi waliruhusiwa kula biskuti. Wengine waliambiwa wale figili tu, biskuti waziangalie kwa macho. (Hebu fikiria ni wewe, tumbo linanguruma, unatafuna figili!) Kundi la tatu halikupewa chakula.

Kisha wote walipewa mafumbo ya kuchora yasiyo na jibu, ili ionekane nani atakata tamaa mapema. Waliokula biskuti walijaribu kwa karibu dakika 19, wasiopewa chakula karibu 21. Wale wa figili waliacha baada ya dakika nane na kitu.

Baumeister akasema kujizuia ni kama msuli: ukiutumia huchoka. Mwaka wa 2007 yeye na wenzake wakaongeza kwamba kinachopungua ni sukari katika damu, na kwamba kinywaji chenye sukari huirudisha nguvu hiyo. Hapo mimi sikubaliani kabisa. Mwambie mgonjwa wa kisukari maneno hayo uone atakavyoumia! Tena mwaka wa 2012 watafiti wengine walionyesha kuwa hata kusukutua mdomo kwa kinywaji chenye sukari na kukitema kulitosha kuwatia watu nguvu. Sukari haikuwa na wakati wa kufika kwenye damu.

Mashaka yakazidi. Mwaka wa 2016 maabara 23 zilirudia jaribio la aina hii kwa watu 2,141, zikapata tofauti iliyokaribia sufuri. Baumeister alilalamika kwamba kazi iliyochaguliwa haikufaa. Mwaka wa 2021 maabara 36 zikajaribu tena kwa watu 3,531, safari hii zikiongozwa na Kathleen Vohs, aliyekuwa ameshirikiana na Baumeister kwa miaka mingi. Tofauti ikawa ndogo vilevile.

Basi wewe unayeshindwa jioni usijiambie kwamba betri imekwisha. Kuna utafiti wa Ujerumani wa mwaka wa 2012 unaokufaa zaidi. Wilhelm Hofmann na wenzake waliwapa watu wazima 205 vifaa vya kuwauliza, mara kadhaa kwa siku, wanatamani nini wakati huo. Wale waliojulikana kwa kujizuia vizuri hawakuwa wakipigana na tamaa zaidi ya wengine. Walikutana nazo mara chache. Kwa hiyo ile kreti ya soda chini ya meza, mpe jirani leo hii.