Gari la chupa na vifuniko: mtoto wako anajifunza nini anapocheza?

Iwe unaishi Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, bila shaka umeliona gari hili: chupa tupu ya maji, vifuniko vinne, vijiti viwili na kamba ya kulivuta. Wazazi wengi hulitupa pamoja na takataka wanapofagia. Kabla ya kulitupa, mwangalie kidogo mtoto aliyelitengeneza.

Mtoto wa miaka mitano au sita akitoboa kifuniko pembeni badala ya katikati, gari linachechemea. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosea, ameona mwenyewe. Atachukua kifuniko kingine na kujaribu tena. Kijiti kikibana kwenye tundu la chupa, magurudumu hayazunguki, yanaburutwa tu. Siku moja atapitisha kijiti ndani ya ganda la kalamu ya biki, nacho kitazunguka bila kukwama. Fundi naye hufanya hivyo hivyo: anawaza kitu, anakitengeneza, anakijaribu, anakirekebisha.

Wadogo zaidi huanza na mambo mepesi. Wa miaka miwili hupanga makopo na kuyaangusha, basi. Wa miaka mitatu hufinyanga udongo kwanza, ndipo aamue kama ni ng'ombe au sufuria. Usimharakishe.

Unaweza kumsaidiaje?

Weka boksi moja la vitu safi: vifuniko, mabua, vipande vya kitambaa, kamba, ndala zilizokatika (kwenye mchanga, magurudumu ya ndala hushinda ya vifuniko). Kazi ya wembe na msumari ifanye wewe, lakini tundu liwe wapi, aamue yeye. Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea: tunamnyang'anya gari na kumtengenezea zuri zaidi, naye anabaki mtazamaji. Muulize tu, kwa lugha ya nyumbani, "Unadhani kwa nini halitembei?" Kisha nyamaza.

Mpe muda pia, hasa msichana. Ukimtuma maji au kumkabidhi mdogo wake kila anapoanza kutengeneza kitu, hatakimaliza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unatambua haki ya kila mtoto kucheza, bila kubagua wasichana na wavulana.

Vitu vya kuepuka

Usimruhusu kuchezea makopo ya dawa za wadudu hata yakioshwa, sindano, betri kuukuu za redio, bati lenye ncha kali, wala chuma chochote usichokijua. Mifuko ya plastiki inaweza kumziba pumzi. Vifuniko na kokoto visimfikie mtoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu vinaweza kumkwama kooni. Kaka na dada wanapocheza, mdogo awe karibu nawe.

Kama watoto wa majirani, wakimbizi au wenyeji, wanakuja kucheza, waache watengeneze pamoja. Lugha ikiwashinda, wataonyeshana kwa mikono.